Siku 13 za kula Japani: nilipokosea na nilipopatia

Novemba 2024 mimi na wifi yangu tulilala Japani usiku 13. Shabaha ilikuwa moja: kula. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Dar es Salaam, nalisha harusi, hitima na vikao vya kamati, na kwa miaka mingi nilitamani kuona kwa macho jinsi wenzetu wanavyotoa ladha nzito kwenye chakula kisicho na viungo vingi. Fedha nilizidunduliza miaka mitatu, nyingine zikatoka kwenye mchezo wa akina mama wa mtaani. Tiketi ya ndege kupitia Doha peke yake ilikula kama shilingi milioni tatu na nusu. Kwa hiyo kila kosa nitakalolisimulia hapa lina bei yake, na bei nitaitaja. Kabla ya kuondoka nilitafuta sana mtu wa kunieleza mambo haya kwa Kiswahili, sikumpata.

Nilianza na daftari. Kila picha ya chakula iliyonivutia niliandika jina lake na mji unaosifika nacho. Sushi, Tokyo. Kaa, Kanazawa. Mlo wa vyombo vingi vidogo, Kyoto. Takoyaki, Osaka. Okonomiyaki, ile chapati nene ya unga na kabichi, Hiroshima. Rameni, yaani tambi za supu, Fukuoka. Daftari likajaa, nikaunganisha miji yote sita kwa kalamu nyekundu, nikasema safari imeshapangika.

Sisi Watanzania tunahitaji viza kuingia Japani, na miongoni mwa karatasi za kupeleka ubalozini ni ratiba ya siku kwa siku: leo mko mji gani, mnalala wapi. Niliijaza usiku mmoja nikiwa nimechoka na shughuli, nikafuata ile kalamu nyekundu, kisha nikalipia hoteli kwa kuifuata. Hapo ndipo nilipokosea kwanza. Kazi ya kufikiri nilipaswa kuimaliza kabla ya kugusa fomu yoyote.

Nisichokifikiria ni tumbo. Usiku 13, ukitoa siku ya kufika na siku ya kuondoka, unabaki na siku kumi na mbili hivi. Kila siku ina milo miwili ya maana, mchana na usiku, maana asubuhi mikahawa mingi mizuri bado imefungwa. Sasa kila unapohama mji, mchana wa siku hiyo umeupoteza: unafunga mizigo, unatoka hotelini, unasubiri treni, unafika, chumba hakijawa tayari, na mikahawa mingi inafunga jikoni kati ya saa nane na saa kumi na moja jioni. Sisi tulipanga kuhama mara sita, tukahama mara tano. Milo mitano iliondoka hivyo, ikawa wali wa kufinyangwa kutoka duka la saa 24. Wali ule ni mzuri, nausifu, lakini haukuwa sababu ya kuvuka bahari.

Ningepanga leo, ningechora kwanza jedwali la milo, mchana na usiku, kisha ningeuliza kila mji unastahili visanduku vingapi. Mji ambao chakula chake kinajaza kisanduku kimoja tu, nauacha.

Kwenye usafiri nilipoteza nyingi pia. Kila niliyemsikia alisema ukienda Japani nunua pasi ya treni, basi nikanunua ya siku 14, yeni 80,000 kila mmoja. Ushauri ule ulikuwa wa zamani. Oktoba 2023 bei zilipanda sana. Pasi ya siku 7 iliyokuwa yeni 29,650 ikawa 50,000. Tulipokwisha kurudi nilikaa nikajumlisha tiketi moja moja za njia tuliyopita, Tokyo hadi Kanazawa, Kanazawa hadi Kyoto, Osaka, Hiroshima, na kurudi Tokyo. Zisingefika yeni 55,000. Yeni moja tulikuwa tunaihesabu kwa shilingi 17, kwa hiyo kwa watu wawili tulitupa zaidi ya laki nane. Na pasi yenyewe haikuruhusu kupanda Nozomi, treni ya haraka kuliko zote kati ya Tokyo na Hiroshima, mpaka uongeze pesa. Jumlisha kwanza, ndipo ununue.

Lingine ni tiketi ya ndege. Nilikata ya kuingilia Tokyo na kutokea Tokyo kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Ndege za Ghuba zinatua Osaka pia. Ningeingilia Tokyo nikatokea Osaka, nisingetumia siku nzima kurudi nyuma kilomita mia nane.

Nilichopatia ni mizigo. Japani kuna huduma ya kusafirisha begi kutoka hoteli hadi hoteli. Unaliacha mapokezi asubuhi, kesho yake unalikuta mji mwingine. Tulilipa kama yeni 2,500 kwa begi kutoka Tokyo kwenda Kyoto, tukaenda Kanazawa na mikoba ya mkononi tu. Kwenye Shinkansen, yaani treni ya mwendokasi, ya Tokyo hadi Osaka, begi ambalo urefu, upana na kina chake vikijumlishwa vinapita sentimita 160 linahitaji kiti maalumu cha kuwekewa nafasi mapema. Mabegi yetu ya Kariakoo yalipita kipimo hicho waziwazi.

Tokyo tuliamka alfajiri ya siku ya kwanza kwenda soko la samaki. Soko kubwa la mnada lilihama kutoka Tsukiji kwenda Toyosu Oktoba 2018, hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba Toyosu hufungwa Jumapili na pia baadhi ya Jumatano. Tulifika Jumatano. Geti kimya, upepo wa bahari unapiga, wifi amejifunika mtandio mpaka puani. Kalenda ya soko hutangazwa mapema, na ni jambo la dakika mbili kuiangalia. Kesho yake tulikwenda Tsukiji ya nje, ambako maduka na vibanda vimebaki, tukala jodari mbichi juu ya wali wa siki. Wifi hakuwa amewahi kula samaki mbichi maishani. Alifumba macho, akatafuna taratibu, akafumbua, akasema, "Wifi, hii ni kama siagi." Akaagiza nyingine.

Sasa niseme la dini, maana kwa Mwislamu ndilo linaloamua safari nzima ya kula. Mimi na wifi tulikubaliana mapema: nguruwe hapana, pombe ndani ya chungu hapana. Niliamini nguruwe nitamwona kwenye sahani na kumwepuka. Kumbe tatizo haliko kwenye sahani, liko kwenye mchuzi. Mirin, yaani mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia, na sake (pombe ya mchele) ya kupikia huingia kwenye sosi nyingi, kwenye samaki wa kuchoma, kwenye mboga za kuchemsha, hata kwenye mayai. Siku ya kwanza mgahawa mmoja tulisema kwa Kiingereza kwamba hatuli nguruwe, mhudumu akaitikia kwa adabu kubwa, akatuletea tambi zisizo na kipande hata kimoja cha nyama. Nilipoonja supu nikajua. Mpishi hawezi kukosea mifupa iliyochemshwa usiku kucha. Yule binti hakutudanganya, kwake nguruwe ni nyama na supu ni supu. Tulilipa tukaondoka na njaa.

Ijumaa tuliswali kwenye msikiti wa Waturuki ulioko Yoyogi-Uehara, Tokyo Camii, jengo zuri la mwaka 2000 lenye duka la vyakula vya halali. Hapo tulikutana na mama mmoja wa Kiindonesia anayeishi Tokyo. Alinisikiliza, akaomba karatasi, akaandika kwa mkono wake mistari mitano ya Kijapani: hatuli nguruwe, wala mafuta yake, wala supu ya mifupa yake, hatutumii mirin wala sake hata kidogo, samaki, kaa, pweza, mayai na mboga tunakula, kama haiwezekani tuambie tu, tutaelewa. Mstari wa mwisho ndio uliotusaidia kuliko yote. Mjapani huona vigumu kumkatalia mgeni usoni, lakini ukishampa ruhusa ya kukataa, anakwambia ukweli. Tulionyesha karatasi ile kila mahali. Mara nyingi tulikataliwa kwa heshima, na tulipokubaliwa tulikula kwa moyo mweupe. Mwenye safari kama yetu aandikiwe karatasi hiyo kabla hajapanda ndege.

Na jihadhari na neno sake. Ndilo jina la pombe, na ndilo jina la samaki aina ya salmoni kwa matamshi karibu yaleyale. Siku tatu wifi alikataa wali wa kufinyangwa wa salmoni kwa sababu programu ya simu ilimtafsiria "sake".

Kanazawa niliipa usiku mmoja, nikaumia. Msimu wa kaa wa mkoa ule hufunguliwa tarehe 6 Novemba, na sisi tulifika wiki mbili baadaye. Soko la Omicho lote lilikuwa jekundu. Kuna kaa jike mdogo wanamwita kobako, anayeuzwa kwa muda usiofika miezi miwili, mwili wake umejaa mayai ya aina mbili: ya nje yanapasuka mdomoni, ya ndani ni ya rangi ya chungwa na mazito kama kiini cha yai la kienyeji. Muuzaji alimfungua kwa kidole gumba, akanitolea nyama ya miguu vipande vinne vilivyonyooka, akavipanga juu ya gamba. Amechemshwa kwa maji ya chumvi, basi. Nilisimama nikala polepole, nikawaza kaa wote wa mikoko niliowazamisha kwenye pilipili na nazi bila kuwahi kuuliza wenyewe wana ladha gani. Nilitaka kurudi jioni, nilitaka kurudi kesho. Treni ya Kyoto ilikuwa saa tatu asubuhi.

Kyoto ndiko nilikoumia zaidi.

Wiki sita kabla, nikiwa Dar, niliomba nafasi ya chakula cha mchana kwenye mgahawa mdogo wa viti vinane. Nilieleza mambo ya mirin na sake. Siku ya tatu walijibu kwamba watatupikia bila hivyo, ila tuthibitishe, kwa sababu kila kitu watakiandaa peke yake kwa ajili yetu. Yeni 12,000 kwa mtu. Nikathibitisha, nikaingiza kwenye kalenda ya simu: Kyoto, saa sita mchana. Nafasi zetu nyingine mbili niliziandika kwenye daftari. Hii sikuiandika.

Simu iliihifadhi ile saa sita kuwa ya Dar. Japani wako mbele yetu kwa saa sita kamili, na tulipotua, simu ikajirekebisha yenyewe, ikasogeza miadi hadi saa kumi na mbili jioni. (Tofauti hiyo ina uzuri wake kwa sisi tunaohesabu saa Kiswahili: mshale wa saa ya ukutani ya Tokyo ukiwa kwenye 7, yaani saa moja usiku ya kule, nyumbani ni saa saba mchana. Namba ni ileile. Ukitaka kumpigia mama, soma ukutani tu.) Mimi nikaiona miadi ya jioni, wala sikujiuliza.

Tulifika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, tumevaa vizuri. Mama mwenye mgahawa alisogeza mlango, akatutazama, akainama, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Akaenda kuleta daftari lake. Kidole chake kikashuka hadi mstari wa 12:00. Jina langu lilikuwa pale kwa herufi zao, na chini yake maneno machache kwa wino mwekundu. Nilielekeza simu juu yake ikanitafsiria: bila mirin, bila sake, dashi (supu yao ya msingi) sufuria ya pembeni. Nyuma yake, juu ya kaunta, mpishi aliinua macho mara moja, akarudi kwenye kisu chake. Viti vyote vinane vilikuwa na watu wa jioni.

Walikuwa wamenipigia mara tatu. Namba niliyowaachia ilikuwa ya Tanzania, na laini ile nilikuwa nimeizima, nikitumia intaneti ya kule tu.

Nililipa yeni 24,000, nikaziweka kwenye kisahani cha pesa kwa mikono miwili, nikainama mpaka nikaona ncha za viatu vyangu. Laki nne na zaidi, kwa chakula ambacho hatukukionja. Lakini fedha haikuwa iliyonitoa machozi. Tulikwenda kukaa ukingoni mwa mto Kamo, gizani, nikalia. Wifi alinishika bega. "Ulilia hivihivi," aliniambia, "ile shughuli ya Mbagala ilipovunjika usiku, na wewe hukuambiwa, na pilau imeshaiva." Ndiyo. Najua sufuria lililoivia mtu asiyetokea lina uzito gani kulibeba kurudi nalo nyumbani. Na mimi nilikuwa nimemfanyia mtu vilevile.

Basi, kwa atakayekwenda: ukiweka miadi kwenye simu, chagua saa za eneo la Japani palepale unapoandika, kisha iandike kwenye karatasi pia. Acha namba ya hoteli utakayolala mji huo, si yako. Siku moja kabla, mwombe mtu wa mapokezi awapigie kuthibitisha. Wanafanya hivyo bila malipo na bila kuchoka. Migahawa midogo hutoza fedha yote ukikosa kufika, na haki wanayo. Usiweke nafasi kila siku, mbili au tatu kwa safari nzima zinatosha. Nyakati nyingine tembea, nusa, uliza.

Kesho yake nilikwenda soko la Nishiki, njia nyembamba iliyoezekwa yenye urefu wa kama mita 400, kujiliwaza. Kwenye duka la katsuobushi nilikaa karibu saa nzima. Ni samaki wa jamii ya jodari, anachemshwa, anafukizwa moshi, anakaushwa mpaka anakuwa kama kipande cha mpingo. Ukigonga viwili vinalia kama kijiti juu ya kijiti. Wanamparua kwa randa, vipande vyepesi kama maganda ya kitunguu. Kombu, mwani mkavu wa Hokkaido, unalowekwa, unapashwa moto polepole, unatolewa kabla maji hayajachemka. Ndipo samaki anaingia, anakaa kidogo, unachuja. Hiyo ndiyo dashi. Mwaka 1908 profesa Ikeda Kikunae wa Tokyo alichambua kombu hiyo akatoa kitu kinacholeta ile ladha, akaiita umami. Nilipoonja kijiko cha dashi tupu nilikumbuka ng'onda wa bibi yangu Tanga, ule mchuzi mwembamba tuliopewa na muhogo ilipokosekana nazi. Tulikuwa nayo sisi ladha hii. Hatukuwahi kuichuja tu.

Osaka tuliipa siku mbili, ilistahili nne. Takoyaki ni vidonge vya unga wa maji na mayai vyenye kipande cha pweza katikati, na chuma chake kina vishimo kama chuma cha vitumbua. Yule kijana wa kibandani alimwaga unga mpaka ukafurika na kufunika chuma chote. Mimi nikiona vile mkono unaniwasha kumwambia apunguze. Akasubiri. Kisha kwa sindano mbili ndefu akakata ule unga uliofurika miraba miraba, akazungusha kila kidonge robo, akisukumia mabaki ndani, akazungusha tena, mpaka vikawa mviringo kamili bila mshono. Nilitazama mizunguko minne. Aliisoma karatasi yetu, akatuonyesha chupa ya mafuta ya mboga, akatupa vya chumvi bila sosi. Nimeshajaribu kukata na kuzungusha vile kwenye vitumbua vyangu. Bado vinapasuka, lakini vinaanza kutii.

Fukuoka hatukufika. Nikiwa Osaka ndipo nilipoisoma vizuri ile rameni niliyoizungushia kalamu nyekundu: tonkotsu. Ton ni nguruwe, kotsu ni mifupa. Jina lilikuwa limeniambia tangu mwanzo. Mji una mengine mazuri, ya kuku na ya ng'ombe, lakini sikuwa nimeyatafutia mahali wala kuuliza. Tulifuta, tukapoteza yeni 21,000 za hoteli isiyorudisha fedha. Hiroshima nako okonomiyaki ya kawaida huwekwa vipande vya nguruwe na zote hupikwa juu ya bamba moja la chuma, kwa hiyo tuliiangalia tu. Tukavuka kwenda kisiwa cha Miyajima tukala chaza waliochomwa na magamba yao, wakubwa kama kiganja cha mtoto, na ndimu. Wifi anasema ndicho chakula bora cha safari. Mimi nasema kaa. Hatujakubaliana mpaka leo.

Usiku wa mwisho Tokyo nilimwomba kijana wa mapokezi anisaidie kuandika barua kwa wale wa Kyoto. Nilieleza mambo ya kalenda, nikaeleza kazi yangu, nikasema najua walichokipoteza si fedha. Majibu nilipata Januari kwa barua pepe, mistari miwili: wameshukuru, na Aprili ni wakati wa machipukizi ya mianzi, yanapikwa siku yanapochimbwa.

Nimechora jedwali jipya. Lina miji mitatu, Kanazawa, Kyoto na Osaka, na linaisha kabla ya sikukuu zao za mwisho wa Aprili, ambapo treni na hoteli hujaa. Kyoto ina usiku tano. Kisanduku cha kwanza nilichojaza ni cha mchana, saa 12:00 ya Japani, nimekiandika kwa wino kwenye daftari, na pembeni nimeacha nafasi ya namba ya hoteli.